Deni la Jembe Hulipwa kwa Jembe
Mtu anayehamia shamba jipya hukuta pori, na pori halifyekwi kwa mikono miwili. Akiajiri vibarua, fedha za mbegu zitakwisha kabla mvua haijanyesha. Akingoja, msimu utampita. Njia ya tatu wazee wetu waliijua: kusaidiana kwa zamu.

Ukambani njia hiyo huitwa mwethya, nao Wakikuyu huiita ngwatio. Upareni, msaragambo ndio uliochimba mifereji na mabwawa ya umwagiliaji yaitwayo ndiva. Huko Machakos, tangu miaka ya 1950, vikundi vya mwethya vimechimba matuta ya “fanya juu”, ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mtaro ili kuzuia mmomonyoko. Miteremko iliyokuwa imeharibika ikarudi kuzaa.

Hata hivyo, hatuna budi kusema wazi: ushirika huu huvunjwa na mtu anayelimiwa leo, kisha zamu ya jirani ikifika, yeye ana safari. Siku moja ya palizi ikipotea, hailipiki kwa siku mbili baada ya mavuno.

Kwa hiyo tunawasihi wahamiaji: kabla ya kuomba msaada, nendeni mkalime kwa jirani. Wenyeji nao wasimwache mgeni nje ya zamu kwa sababu ya kabila lake. Zamu ziandikwe, siku ilipwe kwa siku, na mzee asiyeweza kushika jembe atunze watoto, nayo ihesabiwe kuwa kazi kamili.