Kondo la Nyuma Hutangulia

Wengine huliita zalio, wengine kondo la nyuma, na majina yote mawili yanatazama dakika ile mtoto ameshalia na mkunga anasubiri kilichobaki tumboni. Kwa zamu ya kutoka, jina halina kosa. Kwa zamu ya kazi, linapotosha. Takriban siku ya sita au ya saba tangu yai lirutubishwe, kabla moyo wa mtoto haujaanza hata kuumbwa, chembe za ganda la nje la mimba changa huwa tayari zinachimba ukuta wa mfuko wa uzazi. Hizo ndizo zitakazokuwa kondo. Baadaye hupenya hadi kwenye vishipa vya mama vilivyojisokota, zikaila misuli yake na kuvifanya mifereji mipana isiyobana. Kazi hiyo huendelea hadi karibu wiki ya 20. Ikifanyika nusunusu, vishipa hubaki vyembamba, na kondo lililopungukiwa damu humwaga ndani ya mama protini zinazodhuru kuta za mishipa yake. Shinikizo la damu hupanda, figo huvujisha protini, na sisi hukitafuta kifafa cha mimba mwezi wa saba au wa nane, kana kwamba kimezaliwa huko.

Mtu atauliza: ikiwa kasoro huanza mama akiwa bado hajijui, kuwahi kliniki kwamfaa nini? Swali ni la haki. Utafiti wa ASPRE, uliochapishwa mwaka 2017, uliwapa wajawazito walio hatarini miligramu 150 za aspirini kila usiku, wakianza kati ya wiki ya 11 na ya 14. Kifafa cha mimba kinacholazimisha mtoto kuzaliwa kabla ya wiki ya 37 kilipungua kwa zaidi ya nusu. Kile kinachojitokeza mimba ikiwa imetimia hakikupungua kwa kiasi cha kutajwa, na aspirini si ya kila mjamzito, sembuse ya kujinunulia duka la dawa. Lakini hata pasipo kidonge, kuna kipimo cha mwanzo. Shinikizo la damu kwa kawaida hushuka kidogo katikati ya mimba. Mwenye presha ya siku nyingi akija mara ya kwanza mwezi wa tano huweza kuandikiwa kwenye kadi kwamba yu sawa, na hapana namba ya awali ya kuikanusha.