Kutoka Isiolo Hadi Lamu: Panga Usiku Kwanza

Picha za Venice, ule mji wa Italia uliojengwa juu ya maji, zimejaa kwenye simu za watu hata hapa Isiolo, na si ajabu bwana harusi akaulizwa na mchumba wake kama fungate haiwezi kufanyiwa huko. Jibu huanzia kwenye viza. Ada ya viza ya Schengen ilipandishwa Juni 2024 ikafika yuro 90, na ukinyimwa viza pesa hizo hazirudi. Ilhali Mkenya ana mji wake wa maji, na kuufikia anahitaji kitambulisho cha taifa na nauli. Mji wa kale wa Lamu umekaliwa bila kukatika kwa zaidi ya miaka 700, na UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Sitaki kuingia katika ubishi wa upi mzuri kuliko mwingine. Ninachoshikilia ni kwamba mji wa namna hii, uwe wa Ulaya au wa pwani yetu, haujulikani kwa kuupitia mbio, na anayepanga safari fupi aanze kwa kuamua atalala siku ngapi kabla hajaandika jina la mahali hata pamoja anapotaka kupaona.

Venice yenyewe imefikia uamuzi unaofanana na huo. Kuanzia tarehe 25 Aprili 2024, katika siku zenye msongamano, ilianza kumtoza yuro 5 mgeni anayeingia asubuhi na kuondoka jioni, huku anayelala mjini akisamehewa ada hiyo. Kabla ya hapo, Agosti 2021, meli kubwa za kitalii zilizuiwa kupita mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko. Sababu si ngumu kuiona: mgeni wa mchana hujaza madaraja na vichochoro, akanunua maji na kikumbusho, akaenda zake. Wakazi wa mji ule wa kale walikuwa takriban 175,000 mwaka 1951. Leo hawafiki 50,000. Wageni wa mchana si sababu pekee ya watu kuhama, lakini mji unaotazamwa kwa saa sita na kuachwa huanza kujipanga kwa ajili ya watazamaji.

Lamu haijafika huko, ila ina sababu yake ya kumkatalia mwenye haraka, nayo ni bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Ukitaka kwenda Takwa, magofu ya mji wa Waswahili katika kisiwa cha Manda uliohamwa karne ya 17, mashua hupita kwenye mkono wa bahari ulio katikati ya mikoko, na hupita maji yakiwa yamejaa. Maji yakijaa alfajiri na tena magharibi, mwenye siku moja hana la kufanya. Mwenye siku tatu humuuliza nahodha jioni, nahodha akatazama mwezi na kumwambia waondoke saa ngapi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana; siku za maji mafu mambo ni ya wastani. Haya yafaa kujulikana kabla ya kukata tiketi, na kalenda yoyote ya Kiislamu ya ukutani itakusaidia kuyakadiria.

Kisha kuna jua, na desturi za mji. Nyumba za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, kuta nene, vichochoro vyembamba ili kivuli kisipotee. Adhuhuri mji hujifungia, na uhai wake hurudi baada ya alasiri, barazani na kwenye uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome. Ngome hiyo ilikamilika mwaka 1821 na ilikuwa gereza hadi 1984. Saa moja yatosha kuizunguka. Jumba la makumbusho lililo kando ya bahari, lenye siwa (baragumu za sherehe) mbili mashuhuri, ya Pate ya pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba, lipewe asubuhi nzima. Michanga ya kijiji cha Shela ni mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu, na usiipande kwa mchezo tu: ndiyo inayochuja na kuhifadhi maji matamu ya visima vya kisiwa. Punda wanaobeba mchanga na saruji hawatamshangaza mtu wa Isiolo, aliyezoea kuwaona na mitungi ya maji. Huko gari halipiti vichochoroni, basi punda ndiye lori.

Msomaji atasema: usiku mwingi ni pesa nyingi. Hesabu inaonyesha vingine. Gharama kubwa ya safari hii ni njia. Unashuka Nairobi, karibu kilomita 280, kisha unapanda ndege ya kwenda Manda na kuvuka kwa boti, au unateremka hadi Mombasa na kuchukua basi la kupitia Malindi na Garsen hadi gati la Mokowe, ambako boti hukuvusha. Nauli ni ileile ulale usiku mmoja au minne, kwa hiyo kila usiku unaoongeza hupunguza bei ya kila siku. Malazi ya Mkomani na Langoni, mitaa ya mji wa kale, kwa kawaida ni nafuu kuliko ya Shela, na chakula cha halali hakitafutwi.

Usalama ni pingamizi zito zaidi, na si haki kulipuuza. Utekaji wa mwaka 2011 ulifika Manda, na Juni 2014 Mpeketoni, bara, ilishambuliwa na watu zaidi ya 60 wakauawa. Hata hivyo, sisi ambao kaunti yetu nzima huhukumiwa kwa uvamizi wa barabara moja tunajua tofauti kati ya mahali na njia ya kufika mahali. Ulizia hali ya barabara wiki hiyohiyo, safiri mchana, na ukiwa na shaka panda ndege.

Wapo wanaosema tungoje LAPSSET, mradi uliozinduliwa Lamu Machi 2012 ambao ramani yake inaunganisha Isiolo na bandari. Gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021, sawa. Lakini hata lami ikikamilika kupitia Garissa, umbali utabaki zaidi ya kilomita 500, na hakuna barabara itakayoharakisha maji kujaa.

Kuhusu majira, ningeziepuka mvua za Aprili na Mei, wakati baadhi ya hoteli hufunga, na Juni hadi Agosti ambapo kusi huchafua bahari. Maulidi ya Mfunguo Sita ni ya kuhudhuria, ila vyumba vishikwe mapema. Kwa mwajiriwa, nafasi nzuri ni sikukuu ya Mashujaa, Oktoba 20: kusi imelegea, na siku mbili au tatu za likizo zikiunganishwa na wikendi zinatosha kwenda na kurudi. Lala usiku usiopungua mitatu. Ukiwa na usiku mmoja tu, nenda Samburu, Buffalo Springs au Shaba, ambako ndovu wa Ewaso Nyiro huonekana kwa mchana mmoja na jioni uko nyumbani.