Vidoa Vinavyoelea Machoni, na Nyundo ya Mutoshi

Wakati wa kiangazi, mbingu ya mji wa Kolwezi, nchini Kongo, inapopauka kwa vumbi, mtu aliyefikisha miaka hamsini akitazama juu huona vitu vidogo vikitembea: uzi, nukta, kiduara, kitu mithili ya nzi. Akigeuza jicho kukifuata, kinakimbia. Akitulia, kinashuka polepole. Wengi hupangusa uso wakidhani ni unywele au mdudu, na wasipopata kitu ndipo hofu inapoanza.

Kitu hicho kiko ndani ya jicho. Nafasi kubwa iliyo nyuma ya lenzi imejaa ute mzito kama ute wa yai bichi, kiasi cha mililita 4 hivi. Karibu asilimia 99 ya ute huo ni maji. Kilichobaki ni nyuzi laini za protini zinazoushikilia usitiririke. Umri unavyosonga, nyuzi hizo hushikamana na kufanya vifundo, maji hujitenga, na kila kifundo huangusha kivuli kwenye retina, utando wa nyuma unaopokea mwanga. Unachokiona ni kivuli hicho. Ndiyo maana huonekana zaidi juani au mbele ya ukuta mweupe, na gizani hupotea.

Hakuna matone, vidonge wala mizizi inayoyeyusha vidoa hivi, na anayekuuzia chupa kwa kazi hiyo anakula pesa yako bure. Vingi hushuka vyenyewe pembeni, na ubongo huzoea kuvipuuza. Upo upasuaji wa kuuondoa ute wote, lakini hatari zake ni kubwa kuliko usumbufu wa kidoa kimoja au viwili, nami simshauri mtu yeyote akatwe jicho kwa sababu hiyo.

Habari hubadilika vidoa vinapokuja kwa ghafla. Kati ya miaka 50 na 70, na mapema zaidi kwa wenye macho yasiyoona mbali, ute ule uliosinyaa hujibandua kwenye retina. Mara nyingi huachia bila madhara. Pale ulipong'ang'ania sana, huivuta retina, na retina haijui maumivu. Inachojua ni mwanga tu. Kwa hiyo ikivutwa hulalamika kwa mwanga: mgonjwa huona vimulimuli pembeni mwa jicho, hasa usiku, hata akiwa amefumba macho. Katika kila watu 100 wanaofika kliniki na dalili hizi za ghafla, kati ya 10 na 15 hukutwa retina imechanika. Maji hupenya kwenye mchaniko, retina huanza kubanduka ukutani, na mgonjwa huona kivuli kama pazia kikishuka, kikipanda au kikitokea ubavuni. Hapo hakuna tena cha kusubiri.

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, jicho la namna hii lilihesabiwa limekwisha. Jules Gonin, daktari wa Lausanne, Uswisi, ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1920 kwamba ukiuziba mchaniko wenyewe, retina inaweza kurudi mahali pake. Kanuni ni ileile mpaka leo. Mchaniko ukigunduliwa kabla retina haijabanduka, huzungushiwa miale ya leza, mgonjwa akiwa amekaa kitini, akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Retina ikishabanduka, inahitaji upasuaji wa mabingwa wachache, na kwa mtu wa Kolwezi hiyo maana yake ni safari: Lubumbashi iko karibu kilomita 300, na wengine hulazimika kuvuka mpaka. Tofauti ya gharama kati ya kuwahi na kuchelewa ni kubwa mno kwa familia ya kawaida.

Maelezo ya kawaida ya vidoa huishia hapo: mzee, ute, mchaniko. Lakini mgonjwa akiniambia anatoka kwenye mgodi wa Mutoshi, hapa Kolwezi, umri wake siuulizi kwanza. Namuuliza vidoa vilianza lini, na saa hiyo mkono wake ulikuwa umeshika nini.

Mutoshi, ambayo zama za ukoloni iliitwa Ruwe, imechimbwa tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Watu wameendelea kuchimba hapo kwa mikono, wakitafuta shaba na kobalti kwa nyundo, tindo, mtaimbo na sururu. Kati ya 2018 na 2020 kulikuwa na mradi wa kampuni ya Chemaf pamoja na Trafigura na shirika la Pact uliojaribu kuupangilia uchimbaji huo: eneo likazungushiwa uzio, mitambo ikaondoa udongo wa juu, wachimbaji wakavaa kofia ngumu. Kofia hulinda fuvu dhidi ya jiwe linaloanguka. Chembe inayoruka kutoka mbele, kwa kimo cha kifua, haizuiliwi na kofia.

Na chembe ya hatari mara nyingi haitoki kwenye jiwe. Tazama kichwa cha tindo lililotumika muda mrefu: kimepondeka, kimechanua pembeni, kina mabapa membamba yenye ncha. Nyundo ikitua hapo, bapa moja humeguka na kuruka kwa kasi ya ajabu, dogo kuliko punje ya mchele. Hupenya kwenye konea, ambayo ni kioo cha mbele cha jicho, au kwenye ile sehemu nyeupe, na kidonda hujifunga chenyewe. Maumivu huwa kidogo. Jicho linaweza kuonekana zima kabisa. Mchimbaji hupangusa chozi, anaendelea na kazi, na jioni anaona kidoa cheusi kinachoelea au moshi mwembamba. Kidoa hicho kinaweza kuwa damu. Kinaweza kuwa chuma chenyewe.

Chuma kikibaki ndani ya jicho huanza kushika kutu. Miezi ikipita, mboni hutanuka na kugoma kubana kwenye mwanga, rangi ya jicho hugeuka kuwa ya kutu, lenzi hupata ukungu, na mtu huanza kushindwa kuona usiku. Shaba ina tabia yake. Kipande cha shaba karibu safi, kama cha waya, huwasha moto mkali ndani ya jicho kwa saa au siku chache. Hili liwahusu wanaokata na kuchuna nyaya. Shaba iliyochanganyika na metali nyingine huenda taratibu, ikaacha duara la kijani na kahawia kwenye ukingo wa konea, na ukungu wa lenzi wenye umbo la ua la alizeti. Malakaiti, lile jiwe la kijani ambalo kila mtoto wa Kolwezi analijua, si shaba safi. Kipande chake kwa kawaida huikwaruza konea au kunasa juu yake. Hicho nacho kitolewe na mhudumu wa afya mwenye kifaa safi. Ulimi wa rafiki, ncha ya kitenge na kijiti cha kiberiti huacha vijidudu, na kidonda cha konea kikioza huacha kovu jeupe katikati ya jicho.

Matatizo mengine ya macho niyapitie kwa haraka. Kinyama kinachotambaa kutoka upande wa pua kuelekea katikati ya jicho hutokana na jua, vumbi na upepo, na mji huu ulio kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi haukosi hata kimoja. Kikikaribia mboni hukatwa. Maumivu makali yanayomwamsha mchomeleaji vyuma usiku, kana kwamba amemwagiwa mchanga machoni, ni konea iliyoungua kwa mwanga wa kuchomelea mchana. Hupona kwa siku moja au mbili. Kushindwa kusoma ujumbe wa simu baada ya miaka 40 kunahitaji miwani ya kusomea tu. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na uoni hurudi. Presha ya jicho ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu hula uoni wa pembeni kimyakimya, huwashika Waafrika mapema, na kilichopotea hakirudi. Mwenye kisukari akiona vidoa vingi vyekundu au vyeusi kwa mara moja, huenda mishipa ya retina inavuja damu.

Tindikali na chokaa, ambazo hupita barabara zetu kila siku kuelekea viwandani, zina kanuni moja: maji safi, hapohapo, mengi, kwa nusu saa bila kukatiza, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole. Usitafute dawa ya kuizima tindikali, na usikimbilie hospitali kabla ya kuosha. Chokaa ni mbaya zaidi, kwani huendelea kupenya ndani.

Nina ugomvi na chupa moja inayouzwa madukani bila cheti cha daktari: matone yenye deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu. Jicho jekundu hutulia kwa siku mbili na mgonjwa husifu dawa. Kumbe kidonda cha konea kinakua chini yake, na matone hayo yakitumika kwa majuma huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho hata kwa kijana. Mkojo, maziwa ya mama na utomvu wa majani navyo visiingie machoni.

Kwa hiyo, ndugu mchimbaji, na wewe mama unayeosha na kuponda mawe: nunua miwani ya kazini yenye kinga pembeni, na sehemu iliyochanua kwenye kichwa cha tindo isagwe kabla ya kuanza kazi. Ukihisi kitu kimekupiga jichoni ukigonga chuma, usisugue, usibonyeze, usimruhusu mtu akivute. Funika jicho kwa kitu kigumu kisicholigusa, hata kitako cha kikombe cha plastiki, uende hospitali siku hiyohiyo; hapa Kolwezi ipo Hospitali ya Mwangeji. Mwambie daktari waziwazi ulikuwa unagonga nini juu ya nini, kwa sababu picha ya eksirei huweza kukionyesha chuma, lakini kipimo cha MRI, kinachotumia sumaku kali, kinaweza kukisukuma na kulipasua jicho.