Msaada wa Chakula Ukifika, Linda Mbegu Kwanza

Leo naongelea jambo ambalo wengi tunalionea aibu: msaada wakati wa njaa.

Mwaka mmoja huku kwetu Dodoma mvua zilikata Februari, mtama ukiwa ndiyo unatoa masuke. Msimu uliofuata, mwishoni mwa Desemba, nilimkuta mama mmoja anapalilia shamba la jirani kwa kibarua, na lake halijaguswa. Nikamuuliza, "Mama, mbona kwako bado?" Akasema, "Bwana shamba, mbegu tulishakula mwezi wa kumi. Watoto wanataka kula leo, siyo mwezi wa tano." Sikuwa na la kumjibu.

Njaa ndivyo inavyofanya kazi. Kwanza unauza mbuzi, tena kwa bei ya kutupa, maana kila mtu anauza. Mbuzi wakiisha, unakula mbegu. Mvua zikianza unaenda kibarua, shamba lako linasubiri. Sisi tuna msimu mmoja tu wa mvua, ukichelewa kupanda unavuna kidogo, na mwakani unarudi pale pale. Kwa hiyo ukame wa mwaka mmoja unakufanya maskini kwa miaka mitatu.

Msaada mzuri unakata mnyororo huo. Ukifika mapema, mbuzi wanabaki zizini, mbegu inabaki kwenye dari, na wewe unabaki shambani kwako. Ndiyo maana napenda ajira za muda za TASAF chini ya mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanza 2012. Kaya inapata fedha ya chakula, na kijiji kinabaki na lambo au barabara. Ethiopia wana mpango wa namna hiyo tangu 2005: watu wanalipwa chakula au fedha kwa kujenga makinga maji kwenye miteremko. Chakula kinaisha, kinga maji linabaki.

Lakini siyo kila msaada unajenga. Kuna mradi mmoja uliwahi kutuletea mbegu za mahindi ya muda mrefu mwishoni mwa Januari. Watu walipanda kwa shukrani. Mvua zikaisha mahindi yakiwa yanachanua, tukavuna mabua. Mimi mwenyewe nilisaidia kuzigawa, na sikufungua mdomo. Mpaka leo najilaumu.

Sasa, msaada ukifika kijijini kwako, fanya hivi:

1. Tenga mbegu siku ile ile. Kwa mtama, kilo 4 zinatosha ekari moja. Funga, ficha, mwambie mwenzako ni mwiko kugusa.

2. Usipande nafaka ya chakula cha msaada. Hujui ni aina gani wala imekaa ghalani muda gani. Kama ni mahindi chotara, ukiyarudia mavuno yanashuka.

3. Usile mbegu ya msaada iliyopakwa dawa, ile yenye rangi nyekundu, kijani au bluu. Ni sumu hata ukiiosha. Usiwape kuku pia.

4. Ipime. Hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa kibichi, kiwe na unyevu siku 7. Zikiota 80 au zaidi, panda. Zikiota chini ya 50, tafuta nyingine.

5. Uliza kwenye mkutano wa kijiji: mbegu hii inakomaa siku ngapi? Kwa ukanda wetu mtama wa muda mfupi kama Macia unafaa, na unaweza kuhifadhi mbegu yake mwenyewe. Kuuliza siyo utovu wa shukrani.

6. Ukipewa fedha, weka hata hisa moja kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Ukame ujao utakopa huko kabla ya kuuza mbuzi.

Yule mama msimu ule alipanda katikati ya Januari, akavuna debe tatu. Baadaye kaya yake iliingia kwenye ajira za muda, na Desemba iliyofuata nilimkuta shambani kwake, amepanda pamoja na wenzake. Safari hii yeye ndiye aliyeniuliza: "Bwana shamba, kwako umeshapanda?"

Nilikuwa bado. Tukutane shambani.