Msitu wa Milima Yetu na Joto la Dunia

Wakristu wetu hutuuliza mara nyingi: Kwa nini mvua haiji tena kwa wakati wake? Kwa nini mito inajaa kwa ghafula na kubomoa nyumba? Mwanzo wa mwezi wa tano 2023, pale Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe, maji na matope vilishuka toka milimani, na watu zaidi ya 400 wakafa. Wengine husema ni uchawi, wengine husema ni laana. Haifai padri wala katekista ajibu vile kwa kubahatisha. Wako wajuzi waliotafuta ukweli wa mambo haya hapa hapa kwetu, katika msitu wa Kahuzi na Biega. Tutazame kazi waliyoifanya, waliyoyapata, na namna gani neno lao latuhusu.

I. Mti na hewa

Moto wa petroli, wa makaa ya mawe na wa msitu hutoa hewa tunayoiita gazi karboniki. Gazi hiyo hukaa angani kama blanketi: joto la jua linaingia, lakini kutoka linatoka kwa shida. Mbele ya viwanda vya Ulaya, katika kila sehemu milioni moja za hewa, 280 tu zilikuwa za gazi hiyo. Leo zimepita 420. Ndiyo sababu dunia yote imezidi joto kwa zaidi ya digri moja.

Mti hufanya kazi ya kinyume. Majani yake huvuta gazi hiyo, jua huyapa nguvu, na karboni hugeuka ubao, gome na mizizi. Ukikausha mti na kuutia katika mizani, karibu nusu ya uzito wake ni karboni. Basi msitu ni kama ghala. Ukiuchoma, umefungua mlango wa ghala: akiba ya miaka mia mbili inarudi angani kwa siku moja.

Tena msitu si miti tu. Ni jamaa moja ya viumbe: miti, udongo, maji, wanyama, ndege, hata uyoga. Kila mmoja anategemea mwenzake, na akitoka mmoja, wengine huona hasara. Mfano wake tutauona mbele kidogo.

II. Kazi ya wapimaji

Mmoja wa wajuzi hao ni mwalimu Gérard Imani wa Université Officielle de Bukavu. Mwaka 2017 yeye na wenzake walitangaza masomo yao juu ya urefu, unene na uzito wa miti ya milima yetu. Mwaka 2021 alikuwa pamoja na wajuzi wengi wa inchi mbalimbali, waliongozwa na bibi Aida Cuni-Sanchez wa Universite ya York katika Uingereza. Kazi yao ilitoka katika gazeti la elimu linaloitwa Nature. Walikusanya vipimo vya miti 72,336 toka pahali 44 pa milima, katika inchi 12 za Afrika.

Namna yao ni nyepesi kuelewa, lakini nzito kufanya. Wanapima kiwanja kwa kamba. Kila mti wenye unene wa santimetri 10 au zaidi, wanauzungushia utepe wa kupimia kwa kimo cha metri 1 na santimetri 30 toka chini. Wanaandika jina la mti, kwani ubao mwepesi na ubao mzito havibebi karboni sawasawa. Wanapima na urefu wake, kisha wanafanya hesabu. Kazi hii inafanywa katika baridi, ukungu na matope, na kwetu pia kati ya hofu ya watu wenye silaha.

III. Waliyoyaona

Zamani wenye elimu walidhani msitu wa mlimani una akiba ndogo. Walisema: kule juu ni baridi, mawingu yanafunika jua, miteremko ni mikali, miti itakuwa mifupi na myembamba. Kipimo kilichotumiwa na wajuzi wa Umoja wa Mataifa kilihesabu tani 89 tu za karboni kwa hektari moja ya msitu wa milima ya Afrika. Walipopima wenyewe walipata tani 149. Akiba hiyo ni sawa na ya misitu ya bonde ya Afrika. Tani hizo 149 zikichomwa hugeuka zaidi ya tani 540 za gazi karboniki, na hiyo ni hektari moja tu.

Sababu yake ni nini? Ni miti mikubwa, ambayo ni mingi katika milima yetu. Tufanye hesabu. Mti wenye unene wa santimetri 70 haupiti wa santimetri 10 mara 7 tu: ukiikata yote miwili, uso wa kisiki chake unapita wa mwenzake mara 49, na urefu haujahesabiwa bado. Kwa hiyo, atakayepanda mikaratusi mia asifikiri amelipa deni la mti mmoja mzee. Kupanda ni kuzuri. Kutunza uliopo kunapita.

Wajuzi wanadhani tembo nao wana sehemu yao: huvunja miti midogo, na ile mikubwa hupata nafasi na mwangaza, tena hupeleka mbegu mbali. Basi tufikiri: katika vita vya miaka 1996 hadi 1999, tembo wa sehemu ya juu ya Kahuzi waliuawa karibu wote. Mtunza shamba ameondoka. Hasara ya kazi yake itaonekana polepole.

IV. Hatari, na neno la haki

Toka mwaka 2000 Afrika imepoteza hektari 800,000 za msitu wa milima, na Kongo ni kati ya inchi zilizopoteza zaidi. Sisi twajua zinakwenda wapi: mashamba, mbao, migodi, na makala yanayopanda magari kuja Bukavu.

Lakini tujihadhari na hukumu nyepesi. Mama anayepika kwa makala hana stima, au anayo ya saa mbili. Kumkemea bila kumwonyesha njia nyingine ni kumtwika mzigo bila kumgusia hata kidole. Na viwanda vilivyojaza anga gazi si vyake.

Vile vile Batwa. Bustani ya taifa ya Kahuzi-Biega ilifanywa mwaka 1970, na katika miaka ile wao walitolewa katika msitu wa babu zao. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu: serikali ilivunja haki zao. Kwa hiyo mtu asitumie tani 149 kama fimbo ya kufukuza maskini. Kama msitu una bei kubwa mbele ya dunia, wa kwanza kupata faida yake wawe majirani wake.

V. Tufanye nini?

Kwanza, tuseme kweli. Kuhusu maafa ya Kalehe, wajuzi walijaribu mwaka 2023 kujua kama joto la dunia lilizidisha mvua ile. Hawakuweza kukata shauri, kwani vipimo vya mvua vya pande zetu ni vichache mno. Tusisitize basi kuliko wao. Lakini hilo twajua: mteremko usio na mizizi haushiki udongo.

Pili, tupime. Seminari na parokia nyingi zinaweza kuweka chombo cha kupimia mvua na kuandika kila asubuhi katika daftari. Daftari ya miaka 20 ni hazina.

Tatu, tufundishe. Papa Fransisko, katika barua Laudato si' ya mwaka 2015, alitaja bonde la Kongo pamoja na Amazonia kuwa mapafu ya dunia. Katekista anayeeleza neno hilo aanze na mti ulio karibu na kanisa lake, autie utepe mbele ya watoto, nao wahesabu wenyewe.