Ulimi Mkubwa Si Uchawi



Mtoto akizaliwa mzito, majirani wanafurahi: bonge la mtoto! Lakini ulimi ukiwa mkubwa hautoshi mdomoni, kitovu kikatokeza, au mguu mmoja ukaupita mwenzake, maneno yanageuka. Eti amelogwa. Eti mama alikula kitu kibaya njiani akikimbia kutoka Kongo.

Hapana. Ugonjwa huu waliueleza Beckwith wa Marekani mwaka 1963 na Wiedemann wa Ujerumani mwaka 1964, nao unaitwa kwa majina yao. Unapata kama mtoto mmoja kati ya 10,000 hivi.

Chanzo chake ni jeni. (Jeni, si jini!) Mtoto anapokea nakala moja ya baba na moja ya mama, na kwa kawaida zote mbili zinafanya kazi. Ila kwa jeni chache moja tu ndiyo inasema, nyingine imefungwa. Kufuli lenyewe ni alama ndogo za kemikali, methili, zinazokaa juu ya DNA. Jeni ya kukuza mwili, IGF2, inasema ile ya baba. Jeni ya breki, CDKN1C, inasema ile ya mama. Kwa karibu nusu ya watoto hawa, alama za upande wa mama zimepotea, na breki ikanyamaza. Maandishi ya jeni yenyewe ni mazima. Ndiyo maana hata kwa mapacha wa kufanana, mmoja anaweza kuugua na mwenzake asiugue. Mara nyingi hutokea mara moja tu katika familia, na hakuna alichokosea mama.

Si kila mtoto mkubwa anao. Mama mwenye kisukari pia huzaa mtoto mzito. Lakini ukiona dalili hizo, muonyeshe muuguzi mapema. Siku za kwanza sukari ya damu inaweza kushuka sana: mtoto analegea, anatetemeka, anakataa ziwa. Hapo usingoje asubuhi, mkimbize hospitali.

Halafu kuna uvimbe wa figo. Unapata wachache, ila ukigunduliwa mapema unatibika vizuri. Basi omba barua ya kwenda skani ya tumbo kila miezi 3, mpaka afike miaka 7. Uvimbe ukionekana, matibabu yapo Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago, Kampala.

Baada ya miaka 8 hivi, ukuaji wao hupungua, na wengi wanakuwa watu wazima wa kimo cha kawaida.