Kolwezi: Ulinzi wa Mchimbaji Mdogo ni Kazi ya Amani

Mwaka 2003 serikali ya Kongo iliunda idara ya kuwasaidia wachimbaji wadogo, SAESSCAM. Mwaka 2017 ilifanywa upya na kuitwa SAEMAPE. Je, jina jipya linamlinda mchimbaji wa Lualaba?

Kazi ya idara ni kufundisha uchimbaji salama na kukagua mashimo, ambayo kisheria hayapaswi kupita kina cha mita 30. Tangu Sheria ya Madini irekebishwe mwaka 2018, mchimbaji lazima awe mwanachama wa ushirika unaotambuliwa na serikali, na achimbe katika eneo lililotengwa.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Ardhi nyingi yenye shaba na kobalti imeshikwa na makampuni, na maeneo halali ni machache. Kwa hiyo wachimbaji huingia migodi ya wengine. Juni 2019, zaidi ya 40 walifukiwa na udongo karibu na Kolwezi. Tarehe 15 Novemba 2025, watu wasiopungua 32 walikufa daraja lilipoanguka katika mgodi wa Kalando. Ripoti ya SAEMAPE ilieleza kwamba kuwepo kwa wanajeshi kulizusha hofu, watu wakakimbilia darajani.

Sisi tunaona somo hapa. Idara inayosema wazi kilichotokea inaanza kutimiza wajibu wake. Lakini ukaguzi peke yake hautoshi. Bila maeneo halali ya kutosha, mkaguzi atafika baada ya mazishi. Amani ya Lualaba inaanzia pale mchimbaji anapokutana na mkaguzi kabla ya kukutana na bunduki.